Mpeni Mtahiniwa wa Mogogosiek Nyaraka Asome Mwenyewe

Mwamshe mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne huku Konoin usiku wa manane, mwulize vyanzo vya historia ni vipi. Atakutajia bila kukwama: masimulizi ya mdomo, akiolojia, isimu, maandishi, picha, kanda za sauti. Usipomzuia ataendelea na ubora wa kila kimoja, kisha udhaifu wake. Msimulizi husahau, atasema, na pengine hutia chumvi. Mwandishi huweza kuegemea upande mmoja. Hii ndiyo mada ya kwanza kabisa katika silabasi ya Historia na Serikali ya kidato cha kwanza, na watoto wanaijua kama sala ya asubuhi.

Sasa mwulize jingine. Ni barua gani ya enzi za ukoloni umewahi kuisoma, ukaona mwenyewe mahali ilipoegemea? Ni mzee gani umemsikiliza, ukatambua alipotia chumvi na aliposema kweli tupu? Hapo ndipo kimya huingia. Miaka minne ya kusoma habari za vyanzo, na hakuna hata chanzo kimoja kilichowahi kuwekwa juu ya dawati lake.

Jambo hili lingesikitisha kokote nchini. Mogogosiek linauma zaidi, kwa sababu hapa historia iko mlangoni. Ukisimama kwenye kituo hiki cha biashara cha Konoin, katika Kaunti ya Bomet, macho yako yanapokea chai kila upande, lakini si chai ya aina moja. Ipo ya wakulima wadogo, vishamba vilivyogawanywa kati ya ndugu na ndugu, majani yake yakipelekwa kituo cha kununulia na hatimaye kwenye kiwanda cha Mogogosiek chini ya KTDA, shirika lililoundwa mwaka 1964. Na ukishika njia kuelekea Kericho unakutana na ile nyingine: mashamba makubwa, safu zilizonyooka, nyumba za wafanyakazi zilizopangwa, lango na mlinzi. Mpaka kati ya chai hizi mbili haukuwekwa na mto wala mlima. Uliwekwa na watu, kwa karatasi, katika miaka inayojulikana, na karatasi nyingi kati ya hizo bado zipo.

Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1902 ilimpa kamishna wa kikoloni uwezo wa kuwauzia na kuwakodishia walowezi ardhi ambayo wenyewe walikuwa wakiishi juu yake. Ile ya 1915 ikaleta mikataba ya miaka 999. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 za Kericho kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa. Ardhi haikurudi kwa wenyeji wake, Wakipsigis. Katikati ya miaka ya 1920 ilianza kupita mikononi mwa kampuni za chai, Brooke Bond na James Finlay, na mtoto wa leo akipita hapo anaona tu kwamba chai imekuwapo tangu zamani.

Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, akikutana na mambo haya, anakutana nayo kama hoja. Mtihani wa Historia na Serikali una karatasi mbili, kila moja ya saa mbili na nusu na alama 100. Sehemu ya kwanza ni maswali mafupi. Zinazofuata zina maswali ya alama 15 kila moja, ambapo hoja iliyoelezwa vizuri huwa na alama mbili. Kwa hiyo kipengele cha swali kikidai alama 12, mwanafunzi anajua kwamba anatakiwa kutoa hoja sita, na mwalimu mzuri humfundisha azipate kumi ili akisahau nne abaki salama. Siwalaumu walimu. Wanafundisha kinachopimwa, na wazazi waliouza majani chai kulipa karo wanataka alama. Lakini matokeo yake ni kijana anayeweza kueleza sababu za walowezi kuja Kenya asiweze kukuambia amejuaje.

Ipo njia nyingine ya kutahini somo hili, na haikuanza jana. Nchini Marekani, mtihani wa historia wa wanafunzi wa sekondari wanaojiandaa kwa chuo kikuu umekuwa na insha ya nyaraka tangu mwaka 1973. Siku hizi mtahiniwa anapewa nyaraka saba asizowahi kuziona: barua, hotuba, tangazo la gazeti, ramani, katuni, jedwali la takwimu. Anashauriwa kutumia dakika 15 kuzisoma na 45 kuandika. Afrika Kusini, mtahiniwa wa mwisho wa sekondari hawezi kumaliza karatasi ya historia bila kujibu walau swali moja linalotokana na vyanzo vilivyochapishwa, kando ya insha. Maswali ya namna hii hayampi alama mtu kwa kuzinakili nyaraka. Yanataka dai lake mwenyewe, yanataka alitetee kwa nyaraka alizo nazo, aeleze kila waraka umetoka kwa nani na kwa nia gani, kisha aongeze anachokijua yeye nje ya karatasi.

Hebu tuone insha kama hiyo ingeandikwaje na mtoto wa hapa. Tuseme swali ni hili: je, serikali ya kikoloni iliuhamisha ukoo wa Talai kutoka Kericho mwaka 1934 kwa sababu ya usalama au kwa sababu ya ardhi?

Talai ndio ukoo wa orkoiyot, kiongozi wa kiroho aliyeheshimiwa na kuogopwa na Wakipsigis na Wanandi. Mwaka 1914 Waingereza walimkamata orkoiyot wa Wakipsigis, Kipchomber arap Koilegen, wakampeleka uhamishoni Fort Hall, Murang'a ya leo. Miaka 20 baadaye wakauhamisha ukoo. Watu wapatao 700, wanaume, wanawake na watoto, walipelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, mahali palipokuwa na mbung'o, mbu na ukame. Waliobaki hai hawakurudi Kericho hadi karibu na uhuru, na waliporudi walikuta ardhi yao ina mwenyewe.

Waraka wa kwanza ninaoutaka kwenye karatasi ya mtihani ni sheria yenyewe, ile ya 1934 ya kuwaondoa Malaiboni, jina walilotumia Waingereza. Mwanafunzi mvivu ataifupisha. Mwanafunzi aliyefundwa ataiuliza inaweza kuthibitisha nini. Sheria inathibitisha kile serikali ilichojipa uwezo wa kufanya. Haithibitishi kwamba lawama za wizi wa ng'ombe na uchawi walizobebeshwa watu hao zilikuwa za kweli. Kisha ataona kwamba haikulenga watu waliohukumiwa mahakamani kwa makosa yao, bali ukoo mzima pamoja na watoto wachanga. Hilo peke yake ni ushahidi, nalo halihitaji mwalimu wa kulisema.

Waraka wa pili utoke kwenye ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Ardhi ya Kenya, ile iliyoongozwa na Jaji Morris Carter kuanzia mwaka 1932 na ambayo ripoti yake ilitoka 1934. Majuzuu ya ushahidi huo yalichapishwa, na yana maneno ya wazee, ya walowezi, ya wamisionari na ya maofisa, mengine yakipingana ukurasa kwa ukurasa. Hapa mtahiniwa ana kazi nzuri. Maneno ya mzee wa Kikipsigis yalipita kwa mkalimani kabla ya kumfikia karani, na karani aliandika kwa Kiingereza. Mzee alikuwa akizungumza mbele ya watu wenye uwezo wa kumwongezea ardhi au kumnyima. Alisema yote aliyoyajua? Mlowezi naye alikuwa akitetea hati yake. Kila mmoja ana sababu ya kusema alivyosema, na mwanafunzi akiweza kuiona sababu hiyo bila kumtupa shahidi, amekwisha kuwa mwanahistoria. (Ajue pia kwamba katika nyaraka za miaka hiyo Wakipsigis huitwa Lumbwa, la sivyo atapita juu ya habari za babu zake bila kuzitambua.)

Waraka wa tatu ni ramani ya mashamba yaliyotolewa kwa walowezi. Wa nne ni masimulizi ya mtu aliyepelekwa Gwassi akiwa mtoto. Wa tano ni taarifa ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2021, walioeleza wasiwasi wao kwamba Uingereza haijawajibika kwa yaliyowapata Wakipsigis na Talai, kufuatia malalamiko yaliyotiwa saini na watu zaidi ya 100,000. Waraka huu umeandikwa miaka 87 baada ya tukio. Ubaya wake ni huo, na uzuri wake pia, kwani unakusanya mambo ambayo hakuna ofisa wa 1934 ambaye angeyaandika.

Mwenye pupa ataandika mara moja: Talai walihamishwa ili chai ipandwe. Ni jibu linalopendwa mitaani, na lina haki ndani yake. Lakini ramani inamzuia. Ekari za wale maofisa majeruhi zilitengwa miaka kumi na zaidi kabla ya 1934, na kampuni za chai zilikuwa zimekwisha kuingia. Ardhi nyingi ilikwisha chukuliwa wakati sheria ya kuhamisha ilipotungwa. Mtahiniwa lazima aikabili tarehe hiyo. Akiikimbia, insha yake imekufa.

Akiikabili, anaweza kufika mbali. Anaweza kuandika kwamba usalama uliotajwa ulikuwa usalama wa ardhi iliyokwisha kutwaliwa: serikali ilimwogopa kiongozi ambaye neno lake lingewaunganisha watu kuidai. Kwa maoni yangu hilo ndilo jibu zito zaidi, kwa sababu linaitumia sheria, linautumia ushahidi wa Tume, na halipingani na ramani. Mwingine anaweza kushikilia kwamba maofisa waliamini kweli lawama za wizi wa ng'ombe na uchawi, akaonyesha hivyo kwa maneno yao wenyewe. Mtahini mwenye busara atawapa wote wawili alama za juu iwapo kila mmoja ametetea dai lake. Tatizo la mfumo wetu ni kwamba mwongozo wa kusahihisha umezoea orodha, na orodha haina mahali pa watoto wawili waliotofautiana kwa haki.

Masimulizi ya yule mzee nayo yasiwekwe mwishoni kama pambo. Wakipsigis wana kalenda yao ya marika, Nyongi, kisha Maina, kisha Chumo, kisha Sawe, na kuendelea mpaka duara lirudi lilikoanzia. Mzee akisema jambo lilitokea rika fulani walipokuwa jandoni, amekupa tarehe, ila si kwa tarakimu. Henry Mwanzi, aliyeandika historia ya Wakipsigis iliyochapishwa mwaka 1977, na Taaitta Toweett, mwanasiasa na mwanaisimu aliyekusanya masimulizi yao, walijua namna ya kuzitumia tarehe hizo. Mwanafunzi wa Mogogosiek anayezungumza Kikipsigis nyumbani ana ufunguo ambao profesa wa Oxford angelazimika kuutafuta kwa miaka.

Kama kuna mtu anayedhani kwamba kilichoandikwa kina uzito kuliko kilichosimuliwa, amsome Richard Meinertzhagen. Huyu ndiye ofisa aliyemwua Koitalel arap Samoei, orkoiyot wa Wanandi, tarehe 19 Oktoba 1905, katika mkutano ulioitwa wa amani. Wanandi wamesimulia vizazi kwa vizazi kwamba Koitalel alikuja kupeana mkono akapigwa risasi. Meinertzhagen katika shajara yake, iliyochapishwa mwaka 1957, anadai kulikuwa na njama ya kumwua yeye. Mabaraza matatu ya uchunguzi ya jeshi yalimwondolea lawama, ila aliondolewa nchini mwaka uliofuata. Kwa miaka mingi shajara hiyo ilinukuliwa kama ushahidi wa mtu aliyekuwapo.

Kisha ukweli ukaanza kujitokeza kutoka mahali pasipotarajiwa. Meinertzhagen alikuwa mtaalamu mashuhuri wa ndege, na katika miaka ya 1990 wachunguzi walithibitisha kwamba baadhi ya ndege waliokaushwa aliowatoa kwa jumba la makumbusho la London walikuwa wameibwa kutoka makusanyo mengine na kubandikwa maelezo ya uongo. Mwaka 2007 mwandishi Brian Garfield alitoa kitabu kizima kinachodai kwamba sehemu kubwa ya shajara zake ni za kubuni. Mwaka mmoja kabla ya hapo, fimbo za Koitalel zilizokuwa zimechukuliwa siku ile zilirudishwa Kenya na familia ya Meinertzhagen. Weka ukurasa mmoja wa shajara hiyo kando ya simulizi la Wanandi, mpe mtoto wa miaka 17, umwambie: amua, na useme kwa nini. Hilo ni somo la vyanzo ambalo hatalisahau maishani.

Nani atasema haya ni mambo ya darasani tu? Mwaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau walioishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso ya enzi za ukoloni ikiendelea mjini London, serikali hiyo ilikiri kwamba ilikuwa na hifadhi ya siri ya nyaraka za makoloni yake huko Hanslope Park. Zilikuwa faili zipatazo 8,800 kutoka makoloni 37, Kenya ikiwamo, zilizosafirishwa kabla bendera hazijashushwa. Wanahistoria David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett waliisaidia mahakama kwa kazi ileile ninayotaka mtahiniwa aifanye: nani aliandika, alimwandikia nani, alijua nini wakati huo. Wazee nao walitoa ushahidi wa miili yao na kumbukumbu zao. Tarehe 6 Juni 2013 Uingereza ilitangaza majuto yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa madai ya watu 5,228. Talai na Wakipsigis, ambao Agosti 2022 walifikisha shauri lao katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, bado wanangoja. Watakaoibeba kesi hiyo miaka 20 ijayo wako darasani sasa, katika shule za Konoin, Bureti na Belgut.

Nimesikia pingamizi. La kwanza ni gharama: watahiniwa wa KCSE wanakaribia milioni moja, na kusahihisha insha zenye majibu tofauti huchukua muda. Ni kweli. Lakini Jiografia huchapishiwa kipande cha ramani na picha, na watahiniwa wake wanatakiwa kuzisoma na kuzifasiri papo hapo. Baraza la mitihani lililoweza kumpa mtoto ramani ya kipimo cha 1:50,000 linaweza kumpa mwenzake barua ya ukurasa mmoja.

La pili ni kwamba shule za mashambani zitaachwa nyuma kwa sababu hazina maktaba. Mimi naona kinyume chake. Mtihani wa kukariri ndio unaompendelea mwenye vitabu vingi vya marudio na mwenye mwalimu wa ziada. Katika insha ya nyaraka, karatasi ileile imewekwa mbele ya mtoto wa Nairobi na wa Mogogosiek, na wote wawili wanaanza kuisoma dakika ileile. Kinachobaki ni mazoezi, na mazoezi hayahitaji jengo.

La tatu lina uzito zaidi: Kiingereza cha maofisa wa kikoloni ni kigumu, sentensi zake ndefu, istilahi zake zimekufa. Hili linataka kazi. Nyaraka zifupishwe kwa uaminifu, maneno magumu yaelezwe pembeni, na masimulizi yaliyotolewa kwa Kikipsigis au kwa lugha nyingine za nchi yawekwe pamoja na tafsiri yake.

Mwalimu asiyetaka kungoja mabadiliko anaweza kuanza muhula huu. Taarifa za kila mwaka za wilaya ya Kericho zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Kumbukumbu za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, na shule ikishirikiana na nyingine inaweza kupata nakala za kurasa chache. Na kabla ya Nairobi kuna nyumbani. Katika masanduku ya bati ya vijiji hivi kuna kadi za ubatizo, hati za mashamba, stakabadhi za majani chai za miaka ya 1960 na 1970, barua za wana waliokwenda kufanya kazi mbali, pengine hata kipande cha babu, kile cheti ambacho mwanamume Mwafrika alilazimishwa kukivaa shingoni. Mwombe kila mwanafunzi alete kimoja kwa ruhusa ya mwenyewe, kipigwe picha, kirudishwe salama. Kisha waulizwe: nani alikiandika, kwa nini, na kinanyamazia nini? Wiki moja ya kazi hiyo inazidi muhula wa kukariri udhaifu wa vyanzo.

Wakati wa kulifanya hili kitaifa ndio huu. Kundi la kwanza la gredi ya 10 la mtaala mpya liliingia sekondari ya juu mwaka 2026, likiwa na somo la Historia na Uraia miongoni mwa masomo ya jamii, na mtihani wao wa mwisho unatarajiwa mwaka 2028. Mtaala huo wenyewe umejitangaza kuwa wa umilisi, si wa kukariri. Hakuna umilisi wa historia unaoweza kupimwa kwa orodha ya hoja sita.

Baraza la mitihani, KNEC, na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala zikae na wanahistoria wa vyuo vikuu vyetu na wahifadhi wa nyaraka, ziandae mafungu ya nyaraka kutoka kila eneo la nchi, zianze na karatasi za majaribio kabla ya 2028. Kericho na Bomet zisisahaulike katika mafungu hayo. Nanyi wazee wenye masanduku: msichome karatasi za zamani, na msiziuze kwa mpita njia. Mpeni mjukuu azisome, akiwa na kalamu mkononi.